Hawana Pole

Siku ya tisa tangu ajali, watandika vitanda wa ghorofa za juu walikuwa bado wanashuka kwa ngazi. Lifti ya mizigo ilikuwa imezungushiwa utepe wa njano, na mbele yake limesimamishwa bango lililoandikwa kwa lugha nne kwamba iko kwenye matengenezo ya kawaida. Matengenezo ya kawaida, jamani. Mama Pacha alikuwa amebeba mgongoni mashuka machafu ya vyumba sita, ameyafunga kwa shuka lingine lililomkata kifuani, na kila alipomaliza ngazi kumi na mbili alisimama, akaegemea ukuta, akahema. Kutoka ghorofa ya saba hadi chumba cha kufulia, kilichokuwa chini ya ardhi, ngazi zilikuwa mia moja tisini na mbili. Alizihesabu siku ya kwanza, akajuta kuzihesabu.

Vyumba havikupungua, lifti iwepo isiwepo. Zamani vilikuwa kumi na sita kwa siku. Sasa vilikuwa ishirini, kwa sababu vyumba vya marehemu viligawanywa siku ileile, kabla hata sakafu ya kule chini haijaoshwa. Msimamizi alipita na orodha mpya mkononi, macho yamemvimba, akagawa. Kulia alilia, na kugawa aligawa.

Alipofika ghorofa ya tano, Mama Pacha akasikia mtu anagonga. Mara tatu, taratibu, kwa adabu, kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo.

"Karibu," akajibu.

Halafu akakumbuka yuko wapi, akajiziba mdomo kwa kiganja. Pale kwenye ngazi hapakuwa na mlango wa mtu kugonga. Palikuwa na ukuta tu, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na shimo la lifti. Nywele zilimsisimka. Akashuka ngazi zilizobaki mbiombio, furushi linamyumbisha, bila kupumzika hata mara moja.

Marehemu, Mama Pacha alikuwa akimwita Hodi. Jina lake halisi lilikuwa refu, la kwao, lenye sauti ambazo ulimi wa Mama Pacha ulizikataa katakata, na la Mama Pacha nalo lilimshinda mwenzake, kwa hiyo wakabatizana. Kwenye hoteli ile wafanyakazi walitoka nchi kumi na tisa, na meneja alipenda kuwatajia wageni hesabu hiyo utadhani amewazaa yeye. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa moja, lugha ya hoteli, na wengi wao waliijua ya kuokoteza: taulo, haraka, chafu, tayari, mgeni, ndiyo bwana. Kwa maneno hayo huwezi kumweleza mtu jinsi unavyowakumbuka watoto wako, lakini unaweza kutandika naye kitanda mwaka mzima.

Sheria ya kwanza waliyofundishwa ilikuwa kugonga. Gonga mara tatu, taja kwamba wewe ni mtu wa usafi, subiri, ndipo ufungue. Mwenzake huyu aliimeza sheria nzimanzima. Aligonga vyumba, akagonga stoo ya mashuka, akagonga kabati la sabuni, akagonga choo cha wafanyakazi ambacho mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Siku moja Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kwetu mtu wa namna yako jina lake Hodi, na akamweleza kwa mikono: anayegonga anasema hodi, aliye ndani anasema karibu. Mwenzake akalipenda neno lile kupita kiasi. Tangu hapo kila alipomkuta Mama Pacha stooni aligonga fremu ya mlango, akasema "Hodi" kwa lafudhi yake ya ajabu, na asingeingia mpaka aitikiwe. Mchezo huo ndio uliokuwa urafiki wao.

Asubuhi ya ajali, mnamo saa nne, Mama Pacha alikuwa stooni anapanga foronya. Stoo ile inatazamana na lifti ya mizigo. Hodi alikuja na toroli lake limejaa hadi juu. Sasa toroli la vitanda lina magurudumu madogo mbele, na ukilisukuma kuingia kwenye lifti yananasa kwenye ule mwanya kati ya sakafu na lifti. Kwa hiyo watandika vitanda wote huingia kinyumenyume, mgongo mbele, wakilivuta. Walifundishwa hivyo na msimamizi, naye alifundishwa hivyohivyo. Na lifti yenyewe ilikuwa na wazimu wake: kwa wiki tatu mlango ulikuwa ukifunguka kabla chumba cha lifti hakijafika. Fundi aliitwa, akachungulia, akasema kuna kifaa kimeagizwa, akaondoka. Msimamizi aliandika kwenye kitabu cha hitilafu mara tatu.

Mlango ukafunguka. Hodi alikuwa ameshaupa mgongo, mikono iko kwenye toroli. Akamwona Mama Pacha stooni, akatabasamu, akanyoosha mkono mmoja nyuma akagonga fremu ya lifti. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Na Mama Pacha, bila kuinua kichwa kwenye foronya zake, akasema, "Karibu."

Hakusikia ukelele. Alisikia toroli likigonga kuta, huku na huku, likienda chini.

Alishuka ngazi mia moja tisini na mbili bila kujua ameshukaje. Wafuaji nguo walikuwa wameshaubandua mlango wa chini kwa nguvu, na Hodi alikuwa amelala mle shimoni, kati ya mashuka, anavuta pumzi kidogo kidogo. Mama Pacha akapiga magoti, akamshika kichwa. Neno lililomjia lilikuwa pole, kwani wewe lingekujia neno gani? Lakini Hodi hakujua pole. Alijua hodi na karibu tu, basi. Kwa hiyo Mama Pacha akampa pole kwa lugha ya hoteli, kama alivyofundishwa. Akalisema tena na tena, kwa sauti, ili mwenzake asikie, na waosha vyombo wakasikia, na wafuaji nguo wakasikia, na msimamizi aliyefika anahema akasikia pia.

"Nisamehe, dada. Nisamehe. Nisamehe."

Hodi alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

*

Siku hiyo ya tisa, alipotua furushi pale chumba cha kufulia, aliambiwa anatakiwa ofisini. Akajifuta jasho, akafunga vizuri vifungo vya sare, akaenda.

Meneja alikuwa mtu wa sauti ndogo na kucha safi. Alimvutia kiti mwenyewe, akammiminia maji. Pembeni aliketi mtu wa bima, ambaye Mama Pacha alikuwa hajawahi kumwona, amepakata faili. Msimamizi alisimama karibu na dirisha.

"Kwanza," meneja akasema, "fahamu kwamba hapa hakuna anayekulaumu. Sisi ni familia."

"Asante, bwana."

"Umechoka. Kila mtu amechoka. Tunataka tulimalize jambo hili kwa amani." Akasogeza karatasi mezani. "Soma, kisha utie saini pale chini."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Karatasi ilisema kwamba yeye, mtandika vitanda wa ghorofa ya saba, aliufungua mlango wa lifti kwa ufunguo ili kufagia kizingiti, akauacha wazi, akasahau.

"Mimi sikugusa mlango," akasema. "Nilikuwa stoo. Mlango ulifunguka wenyewe. Umeharibika. Imeandikwa kwenye kitabu."

Meneja alifungua droo, akatoa kitabu cha hitilafu, akamsukumia. Kilikuwa kipya. Kurasa zake zilikuwa zinanuka gundi, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na habari ya balbu moja ya ghorofa ya pili. Mama Pacha alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa anatazama maegesho ya magari.

"Kama hukufanya kosa," mtu wa bima akasema kwa upole wa daktari, "mbona uliomba msamaha? Tuna mashahidi sita."

"Sikuomba msamaha."

"Ulisema nini?"

Na hapo ndipo Mama Pacha alipouona mtego aliokuwa amesimama ndani yake siku zote tisa. Alitaka kusema: sikuomba msamaha, nilimpa pole. Akalitafuta neno kwenye lugha ya hoteli, akapekua kichwa chote, na alichokikuta ni kilekile kimoja.

"Sikuomba msamaha," akasema. "Nilimwomba msamaha tu."

Mtu wa bima akaandika.

Mama Pacha alihisi uso unamwaka. Akajaribu tena, kwa mikono, kama alivyokuwa akimweleza Hodi, lakini kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kujididimiza.

"Ijumaa anakuja dada wa marehemu," meneja akasema. "Ningependa iwe imekwisha. Ukitia saini, tutakukatia tiketi, utarudi kwenu kimyakimya, hakuna polisi. Usipotia, sina la kufanya, faili linaenda kwao. Na kibali chako cha kuishi hapa, unajua, kiko kwa jina la hoteli."

"Nataka mtu wa kunitafsiria," Mama Pacha akasema. "Yupo Mjomba. Yule wa mlangoni."

Alidhani watakataa. Meneja alikubali haraka mno.

*

Mjomba hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa mbeba mizigo, mtu wa makamo aliyekaa mlangoni pa hoteli ile miaka kumi na saba, na ndiye pekee pale ndani aliyezungumza naye lugha yao. Wiki ya kwanza ya Mama Pacha pale, Mjomba alimwandikia maneno nyuma ya boksi la sabuni, na yeye akayakariri huku anasugua mabafu. Ndipo alipomuuliza: pole wanasemaje, Mjomba? Mjomba alikuna kichwa kwa muda. "Hawana pole hawa," akamwambia. "Wana samahani tu, inawafanyia kazi zote. Wewe sema hiyo, watakuelewa."

Alimkuta kwenye ukumbi wa kulia wafanyakazi, saa saba mchana, peke yake, kofia yake ya kazi imewekwa juu ya meza kando ya bakuli.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa. Umekonda wewe, unakula kweli?"

Alimweleza yote: karatasi, kitabu kipya, yale maneno yaliyomgeukia mdomoni. Mjomba aliacha kula. Alipofika kwenye "nilimwomba msamaha tu," mzee yule alifunga macho.

"Unajua kwa nini wanakung'ang'ania?" akauliza. "Kosa likiwa la lifti, hoteli inaubeba mzigo, na watu wa yule binti wanafidiwa kwa kupotelewa. Kosa likiwa la mfanyakazi mwenzake, hoteli haina lake. Wanawapa jeneza, basi. Wewe wanakutoa kafara, na yule wanamzika bure."

"Sasa nifanyeje, Mjomba?"

"Neno lile nilikupa mimi. Nitalirudisha mwenyewe." Akalisukuma mbali bakuli lake. "Ijumaa nitasimama niwaambie hivi: waheshimiwa, kwetu mtu akijikwaa unampa pole hata kama wewe ulikuwa umelala kwako. Akinyeshewa, pole. Akitoka kazini, pole. Akiwa na mafua, pole. Sasa hayo mafua umempa wewe? Neno letu halina kosa ndani yake. Ni kumwambia mtu tu kwamba nimekuona unaumia."

Alilisema vizuri. Akalirudia kwa lugha ya hoteli, na kwa lugha ya hoteli lilikuwa refu lakini likaeleweka. Walilifanyia mazoezi mara tatu, yeye akijifanya meneja, akimkatiza, na Mjomba akiendelea bila kuyumba. Mama Pacha alicheka pale kwenye mafua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu foronya zile.

"Na mke wako, Mjomba? Anakuja lini?"

"Barua ya kumwombea kibali bado iko mezani kwa meneja. Tangu mwezi wa pili. Miaka sita sasa, mama, nimesahau hata anavyokohoa." Akaichukua kofia yake, akaifuta kwa kiwiko. "Itasainiwa tu."

"Mungu atajalia."

Alipoinuka kutoka, Mama Pacha alimshika mkono wa koti.

"Mjomba, kuna neno jingine nililosema."

"Lipi tena?"

Alifungua mdomo. Kwenye bomba la jikoni, nyuma ya ukuta, kitu kiligonga mara tatu. Mjomba hakukisikia, au alikisikia akadhani ni bomba tu.

"Basi tu," Mama Pacha akasema. "Nenda kazini, utachelewa."

*

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko tisa za mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa na tumaini, na tumaini halimwachi mtu alale wala afanye kazi. Alisikia kugongwa mchana kweupe. Alisikia ndani ya mabafu wakati anayasugua, alisikia chini ya vitanda, alisikia kwenye vyumba vilivyokuwa vitupu, kutokea upande wa ndani. Ukweli ni kwamba hakumwogopa Hodi. Alichokiogopa ni mdomo wake mwenyewe, kwamba utajibu. Akawa anatandika huku ameuma kona ya kitambaa.

Kugonga nako kulimshinda. Kidole kilikataa. Akaanza kufungua milango kwa kadi bila kubisha, na kwenye chumba cha nne alimkuta mgeni amevaa taulo. Mgeni akapiga simu mapokezi. Msimamizi alimletea barua ya onyo, akampa bila kumtazama.

"Wewe uliandika kwenye kitabu," Mama Pacha akamwambia. "Mara tatu. Nilikuona."

Msimamizi, ambaye naye alikuwa mgeni wa nchi ile kama yeye, alirekebisha kola. "Nina watoto watatu," akasema.

"Mimi nina wawili."

"Basi unanielewa."

Alhamisi, wakati wa mapumziko, mama yake alimpigia simu kutoka nyumbani. Alimuuliza kama anakula, kama anavaa sweta, kisha akawapa pacha simu. Walikuwa na umri wa miaka mitano na wamejifunza mchezo mpya. Wakaipigapiga simu kwa kucha, tok, tok, tok, wakicheka mpaka wanakohoa.

"Hodi, mama. Hodi hodi."

Mama Pacha alikaa kwenye sakafu ya stoo, simu iko sikioni.

"Mama, tumebisha. Sema."

Hakuweza. Akawaambia mtandao unasumbua, akakata, akauma kitambaa chake mpaka mapumziko yakaisha. Huko nyuma alikuwa akijiambia maneno ya busara: ningenyamaza, angeingia tu, mikono ilikuwa imeshaanza kuvuta, lifti haikuwepo, wala si mimi niliyeiondoa. Maneno yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mtu alibisha, akasubiri, kwa kuwa huyo hakuwahi kuingia popote bila kuitikiwa, na yeye ndiye aliyemkaribisha. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya meneja, na ndilo pekee ambalo angetia saini.

*

Ijumaa saa sita mchana walikusanywa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vya harusi kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vimebaki vilivyofuliwa. Kabla mgeni hajaingia, meneja aliwapanga mstari mmoja, akawaagiza: mtapita, mtamshika mkono, mtarudi kazini, msiseme lolote. Ni mambo ya kisheria, akasema.

Dada wa Hodi aliingia na Mama Pacha akadhani moyo umesimama. Paji lilelile, mabega yaleyale, hata namna ya kusimama kizingitini kwanza kabla ya kuingia. Naye alikuwa mfagiaji, wa hospitali, kwenye mji mwingine wa nchi hiyohiyo, kwa hiyo lugha ya kuokoteza aliijua. Alikuwa amepewa mfuko wa vitu vya marehemu. Ndani yake zilionekana kandambili na chanuo.

Mstari ukaanza kusogea. Waosha vyombo walipita, wafuaji nguo wakapita, fundi umeme akapita, kila mmoja akashika mkono, akainamisha kichwa, akaenda. Msimamizi alipita. Mama Pacha alikuwa amepiga moyo konde kwamba atapita kimya kama wenzake. Mjomba yuko pale ukutani, kofia mkononi. Yote yatasemwa na Mjomba, baadaye, kwa utaratibu, kama walivyofanya mazoezi.

Alinyoosha mkono. Dada mtu akaushika, na hakuuachia.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiye mimi."

"Aliteseka?"

Ungejibu nini? Angemwambia kwamba alitabasamu, akasema hodi? Yule mwanamke alikuwa anamtazama kwa macho ya Hodi yenyewe, yanasubiri aitikiwe. Maagizo ya meneja yalimtoka Mama Pacha kichwani, lugha ya hoteli ikamtoka nayo, ikabaki ile aliyozaliwa nayo.

"Pole," akasema. "Pole, dada yangu. Pole sana."

Dada mtu alikunja uso. Akamgeukia meneja. "Amesema nini?"

"Tunaye mtafsiri," meneja akasema, kwa sauti ile ndogo. "Tafadhali, mzee."

Mtu wa bima alifungua faili.

Mjomba akasogea mbele. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa koti lake la kazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya. Alimtazama Mama Pacha, na Mama Pacha akamwitikia kwa kichwa, taratibu, kumpa moyo. Sasa hivi, akajisemea. Sasa hivi ataanza na kujikwaa, kisha mvua, kisha yale mafua.

"Kwetu sisi," Mjomba akaanza, "mtu akijikwaa..."

"Neno tu," meneja akamkatiza, bila ukali wowote. "Dada yetu amesafiri tangu alfajiri. Tafsiri alichosema, basi, halafu upitie ofisini kwangu. Kuna barua yako nimeisoma."

Mjomba aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa mle.

"Anaomba umsamehe," akasema.

Na huwezi hata kusema alidanganya, maana ndilo neno alilolijua, ndilo alilomwandikia nyuma ya boksi la sabuni. Mama Pacha alitaka kupiga kelele kwamba sivyo. Kelele hiyo ingepita kwa lugha gani?

Dada mtu alimtazama kwa muda mrefu. Mama Pacha alisubiri kofi, na angelipokea, alikuwa hata amelitega shavu. Yule mwanamke akaweka mfuko chini. Akamshika mikono yote miwili, akaivuta kifuani kwake, akasema kwa lugha ya kuokoteza, akichagua neno moja moja:

"Mimi nimekusamehe. Yeye pia. Usibebe tena."

Siku kumi na moja Mama Pacha alikuwa akilibeba lile karibu bila mtu wa kumtua, na sasa mtu mwenye macho ya Hodi alikuwa amemtua mbele ya watu wote, kwa kosa ambalo hakulifanya. Alilia kwa sauti. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, hakuweza kujizuia, asante, ndiyo, asante, huku dada mtu akimshikilia asianguke. Msamaha ulimwingia mpaka mifupani na ulikuwa mtamu, Mungu amsamehe, ulikuwa mtamu, naye alijua hapohapo akiwa analia kwamba mtu wa bima anamtazama anavyotikisa kichwa, na kwamba kalamu yake inatembea.

Alipofumbua macho Mjomba hakuwepo. Wenzake walikuwa wanatolewa wawili wawili kurudi kazini, kwani vyumba vilikuwa bado. Meneja alileta viti viwili vyenye vitambaa vyeupe, akawakalisha wanawake wale pamoja, bega kwa bega, akawaletea chai.

Mtu wa bima aliinama mbele yao na karatasi ileile, sasa ikiwa na ukurasa wa pili.

"Hapa ni pake," akamwambia dada mtu, akionyesha. "Na hapa pako wewe, kama familia. Kwamba umesikia, na umesamehe, na familia haina dai lolote."

Dada mtu hakusoma. Basi lake lilikuwa la saa nane na zamu yake ya hospitali ilianza kesho alfajiri, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unampapasa Mama Pacha mgongoni, unambembeleza. Kwa mkono wa kulia akatia saini, herufi ndefu moja moja, zile ambazo ulimi wa Mama Pacha haukuziweza. Kisha akamfuta machozi kwa kiganja na kumpa kalamu.

"Haya, dada," akamwambia. "Zamu yako."